Gari la vipimo vya matiti linarudi kijijini: niwaite tena wenzangu, au ninyamaze?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mama wa watoto wanne, mkulima wa ufuta na korosho katika kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kutoka barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Ni mweka hazina wa kikoba chenye wanachama 27, na labda kwa sababu hiyo, au kwa sababu sioni haya kusimama mbele ya watu, jambo lolote la wanawake likija kijijini huanzia mlangoni kwangu.

Oktoba ya mwaka jana mtendaji wa kijiji aliniita ofisini akanieleza kuwa gari la kupima saratani ya matiti litafika kwa siku moja, bila malipo, akaniomba niwakusanye wanawake. Nilizunguka vitongoji vyote vinne. Ulikuwa msimu wa korosho na watu wamehamia mashambani, kwa hiyo niliwafuata hukohuko chini ya mikorosho, nikaokota nao huku tukizungumza, maana mtu hawezi kuziacha korosho zake chini ili akusikilize wewe. Wengine waliniuliza kama anayepima ni mwanamume, wengine wakasema waume zao hawatakubali, na bibi mmoja akanijibu kuwa titi lake limenyonyesha watoto tisa na halidaiwi na mtu. Hata hivyo, siku ilipofika walikuja wanawake 63.

Lilikuwa basi jeupe lenye utepe wa waridi ubavuni, limeegeshwa kwenye kivuli cha mwembe wa shule ya msingi, na jenereta ikinguruma nyuma yake hata tukawa tunaitana kwa ishara. Wenye miaka 40 na kuendelea waliingia ndani kwenye mashine ya kubana titi, na walio chini ya hapo walipapaswa na wauguzi katika darasa la pili, ambalo madirisha yake tuliyaziba kwa kanga zetu wenyewe. Mimi sikupimwa. Nilikuwa nashughulika na foleni, na nilipogeuka jua lilikuwa linazama na watu wa gari wanafunga vitu vyao.

Wanawake sita waliambiwa kuwa kuna kitu kimeonekana na kwamba watapigiwa simu. Wanne walipigiwa. Wawili waliobaki hawana simu na walikuwa wameandikisha namba yangu, na mpaka leo hakuna aliyepiga. Namba ngeni ikiita kwangu, moyo hunidunda kabla sijapokea.

Kati ya wale wanne, wawili hawakwenda hospitali walikoelekezwa kwa sababu ya nauli. Wa tatu aliuza mbuzi wawili akaenda, akaambiwa ni mfuko wa maji tu na hauna madhara, akarudi, na sasa ndiye kichekesho cha kijiji: watu wakimwona humuuliza habari za mbuzi wake. Wa nne alikuwa rafiki yangu tangu utoto. Alichomwa sindano, ikaonekana ni saratani, akaanza kutundikiwa dawa Dar es Salaam. Baada ya mzunguko wa tatu fedha zilikwisha, akarudi nyumbani kusubiri ufuta uuzwe ndipo aendelee. Alifariki mwezi wa Mei, ufuta ukiwa bado shambani.

Tangu hapo maneno hayakatiki. Inasemwa kuwa alikuwa mzima, anabeba ndoo kichwani na nyingine mkononi, mpaka alipochomwa ile sindano, na kwamba sindano ndiyo iliyouamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Hakuna aliyenitamkia usoni kuwa mimi ndiye niliyempeleka, lakini mama yake huniitikia salamu bila kuniangalia.

Sasa mtendaji ameniita tena. Gari litarudi Oktoba hii na anataka niwahamasishe wanawake kama mwaka jana. Mume wangu anasema nikae pembeni, kwani nilikwishafanya yangu na nimeona malipo yake. Mimi mwenyewe sijui. Nikinyamaza, huenda yupo atakayekufa kwa kutopimwa. Nikisema, huenda nikawa nawapeleka watu wakajue ugonjwa wasioweza kuutibu, na sijui kama hilo ni jema.

Liko na jingine. Wifi yangu, ambaye ana miaka 38 na amerudi nyumbani baada ya kuachika, alinionyesha wakati wa Ramadhani uvimbe mdogo katika titi la kushoto, mgumu, ukubwa wa korosho iliyobanguliwa. Hakimuumi hata kidogo. Aliniapisha kwa jina la Mungu nisimwambie kaka yake wala mtu yeyote, kwa sababu anaamini titi litakatwa na hataolewa tena. Nilipomsihi aende hospitali alinijibu kuwa hana haja ya kuhangaika, kwani gari linakuja Oktoba na atapima siku hiyo pamoja na wenzake bila mtu kumshuku. Sasa tumo Agosti. Uvimbe bado upo, na mimi nalala chumba cha pili na ndugu yake nikiwa na siri hiyo kifuani.

Nifanye nini, mshauri? Niwaite wenzangu au ninyamaze? Na kiapo cha wifi yangu nikivunje?

Mweka Hazina, Lindi

Marahaba, Mweka Hazina, na pole sana kwa msiba wa rafiki yako. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umeuliza mambo mawili lakini umebeba matatu. Unataka kujua kama uwahamasishe wanawake kwa mara ya pili baada ya yaliyotokea, na unataka kujua la kufanya na siri ya wifi yako. La tatu hukuliuliza, ila limejaa katika kila mstari, nalo ni kama una mkono katika kifo cha rafiki yako. Nitajaribu kuyagusa yote, ingawa sitayapa uzito sawa, na uniruhusu nianze na wifi, japokuwa umemweka mwishoni, kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja wiki mbili na lake limekwisha kungoja tangu Ramadhani.

Wifi yako analisubiri gari kwa nia njema, lakini nadhani ameelewa vibaya kazi yake. Gari la namna hii limetengenezwa kwa ajili ya wanawake wasio na dalili yoyote, wanaojiona wazima, ili katika wengi wao wapatikane wachache wenye jambo ambalo mkono haujaweza kulishika. Mtu ambaye tayari ameshika kitu kwa kidole chake amekwisha kuivuka hatua hiyo, na kinachomfaa ni uchunguzi wa hospitali. Tazama mwenyewe hesabu yake: ana miaka 38, na kwa utaratibu uliousimulia hataingia hata kwenye mashine, atapapaswa na muuguzi katika darasa la pili, ataambiwa kuwa kuna uvimbe, jambo analolijua, kisha ataandikiwa rufaa ya kwenda hospitali ileile ambayo angeweza kuiendea wiki hii. Miezi yote hiyo ya kungoja itakuwa imemnunulia karatasi.

Umeniandikia pia kwamba hakimuumi hata kidogo, na nimehisi kuwa nyote wawili mmepumua kwa sababu hiyo. Katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha ushauri, hilo ndilo neno nililolisikia zaidi ya yote kutoka kwa wanawake waliochelewa: sikuja kwa sababu hakikuniuma. Saratani ya titi ikiwa changa kwa kawaida haina maumivu, kwa hiyo kutouma hakumtoi mtu katika shaka. Lakini usilichukue neno langu ukaligeuza kuwa kitisho, kwa sababu uvimbe mwingi wa matiti si saratani, na kwa mwanamke wa umri wake kuna aina kadhaa za uvimbe usio na madhara, mwingine wa maji na mwingine mgumu unaoteleza chini ya kidole. Tatizo ni kwamba vidole vyake, vyako, na hata vyangu mimi niliyevitumia kazini, haviwezi kuutofautisha mmoja na mwingine kwa uhakika. Anahitaji kupapaswa na mtaalamu, kupigwa picha, ambayo kwa umri wake mara nyingi huanza na ile ya mawimbi ya sauti kama wanayopigwa wajawazito, na ikibidi kuchukuliwa kinyama kidogo kwa sindano. Njia ya kawaida ni zahanati yenu, kisha hospitali ya wilaya, kisha mkoani au Dar es Salaam kama italazimu. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke aliyefika kituoni na dalili awe amepata jibu kamili ndani ya siku 60, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa akifika, kwa hiyo za wifi yako bado hazijaanza.

Kuhusu kiapo, sitakuambia ukivunje, wala sitakuambia kuwa ni kitu chepesi. Ulikula kwa jina la Mungu, na yeye alikuamini kwa jambo ambalo mwanamke aliyeachika, anayeishi kwa kaka yake, hana wengi wa kuliamini nalo. Ukimwambia mumeo bila yeye kujua, huenda wifi akapelekwa hospitali kesho yake, na huenda pia akafunga mlango wake kwako na kwa hospitali pamoja. Ukiendelea kunyamaza kabisa, unalinda neno lako huku uvimbe ukiendelea na safari yake, kama ni wa kusafiri. Najiuliza, hata hivyo, kama hizo ndizo njia mbili tu zilizopo. Kiapo chaweza kufunguliwa na yule aliyekifunga, na hujaniambia kama umewahi kumrudia ukamwomba akufungulie kwa ajili ya mtu mmoja tu. Pwani yetu ya kusini haijaishiwa na watu wa kuaminiwa miili ya wanawake. Wifi yako alichezwa unyago, bila shaka, na kama somo wake, yaani kungwi wake, yungali hai, huyo ni mtu aliyekwisha kumwona na kumfunda tangu hajawa mke wa mtu. Yako mambo ambayo mwanamke hatamwonyesha kaka yake hata kwa panga shingoni, lakini mbele ya somo atafungua kanga bila kuulizwa mara mbili. Au mwombe tu kwamba mfuatane nyinyi wawili, mseme mnakwenda mjini kwa shughuli za kikoba, kwa sababu aliyekuapisha usiseme hakukuapisha usimsindikize. Njia hiyo nayo ina hatari yake, maana jibu likiwa baya mtarudi na siri kubwa zaidi, na fedha za matibabu haziwezi kutafutwa kwa siri. Ni vizuri mkazungumza juu ya hilo kabla ya kuondoka, si kwenye basi la kurudi.

Na kuhusu kukatwa titi, mwulize kama hofu hiyo ameipata kwa mtu aliyemwona au kwa maneno yanayopita. Si kila uvimbe hukatwa, na si kila saratani huondolewa pamoja na titi zima. Ikigunduliwa mapema, mara nyingine huondolewa uvimbe wenyewe na sehemu inayouzunguka, kisha pakafuata mionzi. Hapa nchini mionzi inapatikana mahali pachache, na kwa watu wa kusini pa karibu ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa hiyo uamuzi huo hutegemea pia kama mtu anaweza kukaa huko kwa wiki kadhaa. Kinachomfanya apoteze nafasi ya kuchagua ni kuchelewa, na hofu yake ya kukatwa ndiyo inayomchelewesha. Sijui namna ya kumwambia neno hilo bila kumwumiza; wewe unamjua, utajua.

Sasa nije kwa rafiki yako. Wanasema alikuwa mzima mpaka alipochomwa sindano. Neno mzima hapo lina maana ya kwamba alikuwa anaonekana mzima, na hilo ni kweli, nami siwashangai watu wanaolisema, kwa sababu macho yao yaliona ndoo kichwani mwezi wa Oktoba na kaburi mwezi wa Mei. Lakini saratani ya titi kwa kawaida huanza muda mrefu kabla ya siku inapogunduliwa, mara nyingi miaka, na sindano ya kuchukua kinyama haiuamshi ugonjwa wala haiutawanyi mwilini. Hutoa kipande chembamba kama uzi ili maabara iseme ni nini na ni dawa gani itakayokifaa. Kilichonishtua mimi katika habari yake ni ile mizunguko mitatu ya dawa iliyofuatwa na miezi ya kusubiri ufuta. Matibabu hayo hupangwa kwa ratiba, na yakikatika katikati, ugonjwa hupata nafasi ya kurudi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani ya matiti wenye viwango vitatu ambavyo nchi zinaombwa kuvifikia. Cha kwanza ni kwamba katika kila saratani vamizi 100, yaani zile zilizoanza kupenya kwenye nyama za jirani, angalau 60 zigunduliwe zikiwa katika hatua ya kwanza au ya pili; cha pili ni zile siku 60 nilizozitaja; na cha tatu ni kwamba katika kila wagonjwa 100, angalau 80 wamalize matibabu waliyopangiwa. Gari lililokuja kwenu lilikuwa na uwezo wa kugusa kile cha kwanza tu. Wale wawili ambao namba yako haijapigiwa kwa ajili yao waliangukia kwenye cha pili, pamoja na wale wawili waliokosa nauli, na rafiki yako aliangukia kwenye cha tatu. Ndiyo maana swali lako, kama uwaite wenzako au unyamaze, naona limekuweka wewe peke yako mahali ambapo walipaswa kusimama watu wengi. Ulifanya kazi ya kuita na uliifanya vizuri. Kazi ya kufuatilia ilikuwa ya nani, na nani alimwambia kuwa ni yake?

Nikupe mfano wa mahali ambapo magari haya yamezoeleka. Nchini Uingereza mpango wa taifa wa kupima matiti ulianza mwaka 1988, na mpaka leo mabasi yake huegeshwa hata kwenye maegesho ya maduka makubwa. Mwanamke wa kuanzia miaka 50 mpaka anapotimiza 71 huitwa kila baada ya miaka mitatu, matokeo humfikia kwa barua, na akihitaji kuangaliwa zaidi hupewa siku katika kliniki inayojulikana. Basi lenyewe halina ajabu kuliko lililokuja kwenu. Tofauti iko kwenye daftari la majina linalobaki baada ya basi kuondoka, na kwenye kliniki inayomngoja yule aliyeitwa.

Kwa hiyo, kabla hujampa mtendaji jibu, pengine ungemwuliza maswali, na ninakuandikia kama ningekuwa nimekaa naye mimi. Picha zinasomwa na nani, na zitachukua siku ngapi? Mwanamke asiye na simu atapataje jibu lake, na je, majibu yanaweza kuletwa kwa mganga mfawidhi wa zahanati ili mhudumu wa afya ngazi ya jamii ayafikishe kwa mdomo, badala ya kukutegemea wewe na simu yako? Atakayeandikiwa rufaa anapokewa wapi, siku gani, na akifika ataonwa au ataanza kupanga foleni upya? Nini kilitokea kwa wale wawili wa mwaka jana? Kuna mwanamke atakayesimama ndani ya gari ikiwa anayeendesha mashine ni mwanamume? Na kwa nini Oktoba? Najua ndio mwezi wa saratani ya matiti duniani kote na kila mtu huvaa waridi, lakini kwenu ni mwezi wa korosho, na mwanamke anayechagua kati ya kipimo na mavuno hana chaguo la kweli. Inawezekana tarehe hiyo imepangwa mbali sana na nyinyi na haibadiliki. Inawezekana pia hakuna aliyewahi kumwambia mpangaji.

Akikupa majibu yanayoridhisha, utajua unawaitia nini wenzako. Akikosa majibu, bado unazo njia zaidi ya mbili. Unaweza kuwaita ukiwaeleza waziwazi yaliyopo na yasiyokuwapo, ili kila mtu aje akijua. Hatari yake ni kwamba watakuja wachache, na mtendaji hatafurahi. Unaweza kukataa kuwa mwitaji ukabaki kuwa mpimwaji kama wengine, na hilo lina heshima yake, ila wako wanawake ambao bila sauti yako hawatatoka mashambani. Unaweza pia kuomba zahanati yenu iwe na siku yake ya kupapasa matiti kila mwezi, bila kungoja gari. Wengi hudhani kupapaswa na muuguzi ni huduma ya maskini, isiyofaa kitu mbele ya mashine. Huko Mumbai, nchini India, walifuatilia zaidi ya wanawake 150,000 wenye miaka 35 hadi 64 kwa miaka 20, nusu yao wakipapaswa na wahudumu waliofunzwa kila baada ya miaka miwili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa saratani zao ziligunduliwa zikiwa changa zaidi, na kwa waliokuwa na miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Kwa walio chini ya hapo upungufu wa vifo haukuonekana wazi, nami sipendi kukuficha hilo, lakini mikono iliyofunzwa inaweza kuwapo zahanati mwaka mzima, na basi haliwezi.

Nauli ni jambo ambalo wewe, kama mweka hazina, unalijua kuliko mimi. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, na sijui katiba yenu inasemaje juu ya mwanachama aliyeandikiwa rufaa akiwa bado hajaugua machoni pa watu. Mkikubaliana mapema kwamba rufaa ya matiti ni maradhi, anayeitwa hatalazimika kuuza mbuzi. Lakini mfuko mdogo una maneno makubwa. Mwezi ujao mwingine atauliza kwa nini mwanawe aliyevunjika mkono alipewa pungufu, na ambaye si mwanachama hatakuwa na pa kuegemea. Kwa matibabu yenyewe mfuko hautatosha, na hapo kuna mlango mwingine ambao sikuuona katika habari ya rafiki yako: ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali, ambako asiye na uwezo huenda na barua ya mtendaji wa kijiji kuomba msamaha wa gharama. Hautolewi kila mara, na haulipi chakula wala pa kulala, lakini mtu aifahamu kabla fedha hazijaisha. Watu wa kusini wana ndugu wengi Mbagala, kule Dar es Salaam. Kupanga nani atampokea nani ni kazi inayoweza kufanywa kikobani jioni moja.

Yule mwenzenu wa mbuzi wawili msimwache kuwa kichekesho. Hata Marekani, penye mashine kila upande, katika wanawake 100 wanaopimwa kiasi cha 10 huitwa tena, na wengi wao hukutwa hawana saratani. Kuitwa tena si hukumu, na mtu aliyekwenda mpaka mwisho akarudi na jibu lake ni shahidi ambaye kijiji chenu hakina mwingine. Kama atakubali, maneno yake juu ya sindano yana uzito kuliko yangu na yako, maana yeye alichomwa au alitazamwa na bado anafuga. Mwambieni pia kila atakayepimwa kwamba mashine inaweza kukosea kwa upande wa pili: jibu safi la leo si hati ya maisha, na atakayeshika uvimbe baada ya miezi mitatu aende hospitali hata kama aliambiwa yu salama.

Mumeo anaposema ukae pembeni, sijui kama anakukataza au anakukinga. Wanaume nao husikia ya vijiweni, na huenda amesikia kuhusu wewe maneno ambayo hajakuletea nyumbani. Ungemwuliza amesikia nini. Kwa mama wa marehemu sina la kukufundisha, ila nimeona kuwa hujasema kama umewahi kwenda kukaa naye tangu arobaini ipite, nyinyi wawili tu, bila kujieleza. Na kwako mwenyewe, Mweka Hazina: una miaka 44, uliwapanga wanawake 63 kwenye foleni na wewe hukuingia. Kama Oktoba utakuwa karibu na lile basi kwa sababu yoyote ile, mtafute mtu wa kushika foleni kwa robo saa.

Kama wifi atakubali kwenda kabla ya hapo, mwambie avae blauzi na sketi, si gauni, ili avue juu tu na abaki amejisitiri chini. Siku hiyo asipake poda wala manukato kwapani na kifuani, kwa kuwa yakipigwa picha ya mashine huweza kuonekana kama madoa. Mchukue na karatasi muandike tarehe aliyouona uvimbe, tarehe ya hedhi yake ya mwisho, na kama yuko ndugu wa damu aliyewahi kuugua titi, kwa sababu akiwa mbele ya daktari atasahau. Akiitwa jina lake, usimwambie kuwa utamsubiri nje. Mwulize kwanza kama anataka uingie naye.